Alizima Kamera, Nami Nikaendelea na Somo

Pentekoste ya mwaka 2020 iliangukia tarehe 31 Mei. Korona ilikuwa imetufungia milango ya kanisa, kwa hiyo sisi tunaosali kwa Kiswahili huku Minneapolis, Marekani, tulikuwa kila mtu kwake. Nilikuwa jikoni, kompyuta juu ya meza, nikifundisha vijana kwa Zoom. Siku sita kabla yake, George Floyd, Mmarekani mweusi, alikuwa ameuawa na polisi kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue. Maduka ya Lake Street yalikuwa yameungua katika ghasia zilizofuata, na dirisha langu nilikuwa nimelifunga kwa ajili ya harufu ya moshi. Somo nililoandaa lilikuwa Matendo ya Mitume sura ya 2, ndimi za moto, na nililifundisha vilevile kama lilivyoandikwa kwenye daftari.

Binti mmoja wa miaka kumi na saba akanyoosha mkono. "Mama, samahani. Mbona leo hakuna aliyemwombea George Floyd?"

Nikamjibu, "Mwanangu, mambo ya siasa tuyaache nje ya kanisa."

Hakubisha. Picha yake ikazimika, kikabaki kiboksi cheusi chenye jina lake. Nikaendelea na somo, nikafunga kwa sala, nikawatakia Jumapili njema, nikainjika maharage. Binti yule hakukanyaga darasani wala ibadani kwa karibu miaka miwili.

Nawaandikia wazazi na wazee wa kanisa wenzangu mlioko Marekani, na nanyi mlioko nyumbani mnaopigiwa simu usiku kuambiwa kwamba mjukuu ameacha kusali. Nilichojifunza nilikilipia, na ningependa mwingine asikilipie tena.

Zamani nikisikia kwamba vijana wa Marekani wanatoka makanisani niliona ni habari za Wazungu. Taasisi ya utafiti ya Pew inasema mwaka 2007 watu wazima waliojiita Wakristo nchini hapa walikuwa asilimia 78, na utafiti wao wa 2023 hadi 2024 ukapata asilimia 62. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 ni asilimia 46 tu. Watoto wetu wanasoma na hao, wanacheza mpira na hao, wanalala nao chumba kimoja chuoni. Sisi wazazi tunatoka zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee, tunalala mchana, tunaamini kwamba Jumapili moja yenye kwaya nzuri inatosha kuwashika.

Mwezi wa nne 2022 tulipata msiba. Kama kawaida yetu, akina mama tulikusanyika ukumbi wa chini wa kanisa kupika, na yule binti akaja na mama yake, amebeba mandazi kwenye ndoo ya plastiki. Usiku watu walipopungua tulibaki wawili kwenye sinki tukikwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria kubwa. Nikamwambia, "Ile Jumapili nilikukosea. Naomba unisamehe." Akaendelea kukwangua kwa muda. Kisha akasema, "Mama, mimi sikutaka siasa. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuendesha gari. Ni mrefu, ni mweusi. Nilikuwa naogopa. Nilitaka mtu mzima aombe."

Nilisimama pale na steelwaya mkononi, sikuwa na la kusema. Mtoto alileta ombi la sala, mimi nikalisikia kama maandamano.

Tangu siku ile, kijana akiniuliza jambo la imani sikimbilii mstari wa Biblia. Namuuliza kwanza, "Swali hili limekukuta wapi?" Kuna kijana wa chuo alinijia na hoja kuhusu Mwanzo sura ya 1 na umri wa dunia, amejiandaa kama wakili. Nikamwachia aongee, nikamwongezea chai. Baada ya saa nzima ndipo akaniambia kwamba kwenye kanisa moja kubwa alilokuwa anahudhuria, kiongozi alimwambia baba yake haponi kisukari kwa sababu nyumba yao haina imani. Ndicho kilichokuwa kinamla. Ningembishia habari za siku sita za uumbaji, angeondoka na kidonda chake kama alivyokuja.

Jambo la pili ni historia, na hapa nawasihi wazazi tusome. Vijana wetu wanaishi Marekani na wanasikia kwamba Ukristo ni dini ya waliomiliki watumwa. Ukiwajibu kwamba huo ni uongo, wamekupoteza, kwa sababu kuna wachungaji wengi waliotetea utumwa kwa Biblia mkononi. Waambie ukweli wote. Waambie habari za Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1760. Yeye na Absalom Jones walisali kanisa la Mtakatifu George huko Philadelphia, mpaka siku Jones alipovutwa ainuke katikati ya sala kwa sababu mtu mweusi hakutakiwa kupiga magoti sehemu ile. Wakatoka. Allen hakuwaachia Mungu wake wale waliomfukuza. Alianzisha kanisa la Bethel mwaka 1794, na mwaka 1816 likazaliwa dhehebu la AME (African Methodist Episcopal), kanisa la Wamarekani weusi ambalo lipo hadi leo. Waambie kwamba Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, mwaka 1845 aliandika kuwa anaupenda Ukristo wa Kristo na anauchukia Ukristo wa wenye watumwa. Waambie kwamba Martin Luther King alipoandika barua yake gerezani Birmingham, Aprili 1963, alikuwa anawajibu viongozi wa dini wanane weupe waliosema wakati wa kuandamana haujafika.

Nilipofundisha hayo kwa mara ya kwanza, vijana waliokuwa wameinamia simu waliinua vichwa. Mmoja akasema, "Kumbe waliouliza kama sisi walikuwa kanisani?" Sikujua kwamba hilo ndilo walilokuwa hawajui. Walidhani mwenye hasira na kanisa hana budi kutoka kwa Mungu pia.

Kuna maswali yasiyofungika. Tarehe 17 Juni 2015, watu tisa waliuawa katika kipindi cha Biblia kanisa la Emanuel AME, Charleston, na kijana mweupe waliyekuwa wamemkaribisha akae nao. Siku mbili baadaye baadhi ya ndugu wa marehemu walimwambia mahakamani kwamba wamemsamehe. Mimi huwa nalia nikisimulia hayo. Lakini kijana wetu mmoja aliniuliza, "Kwa nini kila mara sisi weusi ndio tunaotakiwa kusamehe haraka?" Nilimwambia sijui. Tukasoma Zaburi ya 13, yenye "hata lini," tukaishia hapo.

Sasa lile ambalo tunalinong'ona kwenye maegesho ya magari. Agosti 2009, hapahapa Minneapolis, mkutano mkuu wa ELCA, kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani, uliruhusu watu walio katika mahusiano ya jinsia moja yanayotambuliwa na usharika kuwa wachungaji. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilipinga kwa Tamko la Dodoma la 2010. Hata hivyo, Sinodi ya Saint Paul ya ELCA na Dayosisi ya Iringa ya KKKT zimeendelea na uhusiano wao wanaouita Bega kwa Bega. Watoto wetu wamekaa katikati: makanisa mawili yanayoimba tenzi zilezile yamesoma Biblia ileile na kufika mahali tofauti. Mimi nimelelewa na KKKT na msimamo wa ndoa niliofundishwa ndio ninaoushika. Lakini nimeshakaa na mama aliyemfungia mwanawe mlango, nikamwona anavyoitazama simu isiyolia. Mwambie mtoto unachoamini mara moja, kwa upole, ataelewa. Kisha mwekee sahani mezani kama siku zote. Mzazi hajaitwa na Mungu kumfukuza mwanawe kwenye chakula.

Na tafadhali, tuache kuwasafirisha watoto nyumbani "wakanyooshwe." Nimewaona waliorudishwa kwa bibi kwa sababu ya maswali. Wakirudi Marekani wanaitikia "amina" mahali panapotakiwa, na hawaulizi tena chochote. Wazazi hushukuru. Mimi huogopa, kwa sababu nimekijua kiboksi cheusi kinavyofanana.

Kwa wewe kijana unayesoma haya kwa siri: yule baba wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu akamponya mtoto wake palepale, bila kumtuma kwanza akakamilishe imani. Tafuta mtu mzima mmoja anayeweza kukaa na swali lako bila kutetemeka. Kama wazazi wako wamechoka mno kwa kazi, tafuta shangazi, mzee wa kanisa, mwalimu wa kwaya. Na ukimjia mtu kama mimi akakujibu vibaya, mrudie ukiweza. Wengine tunajifunza polepole.

Binti yule sasa ni muuguzi. Huja Jumapili mbili kati ya nne, hukaa benchi la nyuma, na mara nyingi huondoka kabla ya matangazo. Wiki iliyopita alinisubiri mlangoni. Amekuwa akisoma Ayubu. Anataka kujua: mwishoni Ayubu alipewa tena wana saba na binti tatu, sawa, lakini je, wale kumi wa kwanza waliokufa? Nani aliwalilia? Nilimwambia nakisoma tena kitabu chote kuanzia sura ya 1, na Alhamisi, akitoka zamu, aje kwangu tule.