Maswali yenu: uyoga wa porini, na kitunguu kisichojua sumu

Mvua zimeanza na meseji zenu nazo zimeanza. Wiki hizi mbili karibu zote ni uyoga tu, kwahiyo maswali ya kuku na mbolea nimeyaweka pembeni, yatakuja toleo lijalo. Nimechagua matano.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimeolewa huku Sikonge mwaka wa pili sasa. Mvua zikianza wakina mama wanaingia porini alfajiri wanarudi na ndoo za uyoga. Mama mkwe akipika anatupia kitunguu saumu sufuriani, anasema kikibadilika rangi uyoga una sumu, kisipobadilika tunakula. Mimi naogopa ila naona aibu kukataa. Hiyo njia ni ya kweli?

Marahaba mwanangu. Hapana, sio ya kweli, na huo uoga wako una akili. Kitunguu saumu hakijui sumu ya uyoga, wala kijiko cha fedha hakijui, wala punje za mchele, na hata ukikuta konokono au funza wameula usiseme basi na mimi nitapona, kwasababu tumbo la konokono sio tumbo lako. Sumu inayoua watu wengi zaidi kwenye uyoga inaitwa amatoksini. Haina uchungu mdomoni, haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa kukaanga, haitoki kwa kuanika juani. Unakula unasifia mboga.

Ila mama mkwe wako usimdharau. Miaka yote hiyo kilichomlinda ni macho yake na mikono yake, kitunguu kimekuja tu juu ya hapo. Mimi bibi yangu kule Urambo alikuwa hachumi uyoga kwa kuukwanyua juu juu, alikuwa anapiga goti, anapitisha kidole udongoni pembeni ya shina, anachimba polepole mpaka chini kabisa. Uyoga wa kichuguu ukiuchimba hivyo unakuta shina linaendelea kama mzizi mrefu linashuka na kushuka, maana chanzo chake kiko chini kwenye bustani ya mchwa. Mchwa wanatafuna miti na majani makavu, wanajenga kitu kama sponji, kuvu inaota humo na kuwalainishia chakula, mvua ikija ndo uyoga unatoboa juu. Na kwenye kofia yake katikati kuna kichongoko kigumu, bibi alikuwa anakishikisha kidole changu anasema "hii ndo jembe lake." Aina moja ya hao wa kichuguu, inaota Zambia na majirani zake, kofia yake inaweza kufika mita 1 kwa upana, mtoto anajikinga nayo mvua.

Sasa kundi la amanita, ambalo ndani yake wamo wauaji wakubwa, ukichimba vilevile chini unakuta kifuko kama kikombe kimeshika shina, na mara nyingi juu kidogo kuna pete inaning'inia kama sketi. Ukikwanyua juu, kikombe kinabaki udongoni na wewe unaondoka na ndoo huna habari. Shida ni kwamba kwenye misitu ya miombo yupo amanita anayeliwa kabisa na watu wanamjua vizuri, kwahiyo kikombe peke yake hakitoshi kumhukumu. Lakini wewe mgeni, chochote chenye kikombe kiache.

Nenda nao porini. Usiende na ndoo, nenda na macho. Msimu huu jifunze aina moja tu, jina lake la Kinyamwezi, unaota chini ya mti gani, ukikata ndani unakuwa rangi gani, unanukiaje, ukiwa mchanga ukoje na ukizeeka ukoje. Mwakani aina ya pili. Na ule mmoja kwenye ndoo ambao hata mama mkwe anasita, usichanganywe na wenzie, utupwe palepale porini kabla hamjafika nyumbani.

Na kwakuwa uko Tabora acha niseme na hili linaloniuma. Ule uyoga wa njano unaouzwa barabarani kwa sado, unaishi kwenye mizizi ya miombo na mitundu, unapeana chakula na mti. Miti hiyo ikikatwa yote kukaushia tumbaku, hata mvua inyeshe vipi hautaota. Mimi pale nilipokuwa naokota nikiwa mdogo sasa hivi ni shamba tupu.

Habari shangazi. Niko Kakamega. Watoto wangu walitoa uyoga mweupe mkubwa kwa nyasi ya uwanja, nikaona ni kama obwoba ile tunakula siku zote, nikapika. Baada ya saa mbili hivi wakaanza kutapika na kuhara vibaya sana. Jirani akasema niwape maziwa, nikawapa, kesho yake wakawa sawa. Ni maziwa yaliwaponya?

Pole sana mama, umepita kwenye kitu kibaya. Maziwa hayaondoi sumu ya uyoga, watoto wamepona kwasababu huo waliokula inaelekea ni ule unaosumbua tumbo halafu unaondoka. Kuna uyoga mmoja mkubwa mweupe unapenda sana nyasi za uwanjani, una magamba ya kahawia juu ya kofia, na nchi za joto ndo unaongoza kulaza watu. Ukiwa mchanga vile vikunjo vya chini ya kofia, vilivyopangana kama kurasa za kitabu, ni vyeupe, ukikomaa vinageuka kijani. Kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli, lala. Asubuhi huo utaacha unga wa kijani kwenye karatasi. Wa kichuguu unaacha unga wa rangi ya waridi iliyofifia. Ila usichukue hii kama ruhusa ya kula mwingine wowote usio kijani, hao amanita unga wao ni mweupe msafi kabisa.

Kuhusu saa ndo nataka msomaji yeyote anisikilize. Ukitapika ndani ya saa moja mpaka tatu, mara nyingi ni sumu ya tumbo, inatesa, kwa mtoto mdogo inaweza kumkausha maji na ni ya kwenda nayo hospitali. Ukikaa saa 6, saa 12, wengine hata zaidi, unalala vizuri halafu katikati ya usiku ndo tumbo linaanza, hiyo ni dalili ya amatoksini na hapo hakuna kusubiri kupambazuke. Kwanini nasisitiza? Kwasababu huyo mtu baada ya siku moja ya kuhara anapata nafuu, anakaa, anaomba uji, nyumba nzima mnashukuru Mungu, na wakati huohuo ini linakufa. Siku ya tatu, ya nne, macho yanakuwa ya njano na hali inageuka. Nafuu ile imedanganya familia nyingi. Na mtu aliyekula mchanganyiko wa aina mbili anaweza kutapika mapema na bado akawa na ile nyingine mwilini.

Kwahiyo ukienda hospitali beba uyoga uliobaki, mbichi au wa sufuriani, au maganda uliyotupa jalalani, uweke kwenye karatasi usiuweke kwenye mfuko wa plastiki maana unaoza haraka. Taja saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Na wote waliokula chungu kimoja waende, hata anayesema mimi sijambo.

Shikamoo shangazi. Natokea Kasulu, sasa hivi niko Ujerumani kikazi. Nilienda kutembea msituni nikakuta uyoga kama ule ule wa nyumbani, kofia nzuri, pete, na kikombe chini. Nimepiga picha lakini sijauchuma. Roho inaniuma, nimeukumbuka sana na ugali.

Marahaba baba, na asante Mungu hujauchuma. Kwenu Kigoma umezoea yule amanita wa miombo, na ndo maana wewe uko kwenye hatari kuliko Mjerumani ambaye hajawahi kula uyoga wowote wa porini. Ulaya kuna amanita mwenye kofia ya kijani iliyofifia, saa nyingine karibu nyeupe, pete anayo, kikombe anacho, na ndiye anayesababisha vifo vingi zaidi vya uyoga duniani. Mwaka 2015 huko huko Ujerumani hospitali zilipokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wasiria, waliokula huyo kwasababu alifanana na wa kwao. Walikuwa watu wanaojua uyoga, waliujua wa kwao.

Elimu ya uyoga haisafiri, inabaki na msitu wake. Ukihama nchi unaanza darasa la kwanza.

Lakini Wajerumani wana kitu kizuri, kwenye miji mingi kuna washauri wa uyoga waliofanyiwa mtihani, unawapelekea kikapu chako wanachambua mmoja mmoja. Ulizia manispaa ya hapo ulipo. Programu za simu za kupiga picha na kutajiwa jina zisikupe imani ya kula, hazioni kikombe kilichobaki udongoni. Na ule wa njano wa kwetu una ndugu yake huko, anauzwa sokoni majira ya joto, wanamwita Pfifferling. Nunua huo, kaanga na kitunguu maji, utafika Kasulu kwa dakika kumi.

Binti yangu, mimi ni mzee wa Dodoma, nina sukari na presha. Kijana wa jirani ananiuzia vidonge na kahawa ya uyoga, anasema vinatibu sukari, presha na kansa, na kwamba nikianza niache za hospitali ili visigongane. Pensheni yangu karibu nusu inaishia hapo. Nifanyeje?

Shikamoo mzee wangu. Kwanza za hospitali usiache hata siku moja, leo jioni meza kama kawaida. Kama umeshaziacha, kesho asubuhi nenda kliniki upimwe sukari na presha na uwaambie ukweli, hawatakugombeza.

Uyoga wenyewe kwenye hizo kahawa mara nyingi ni ganoderma, ule mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo, Wachina wanauita lingzhi na Wajapani reishi. Ni dawa ya asili ya miaka mingi sana huko kwao na sina sababu ya kuwacheka. Lakini wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote na kuzipima, mwaka 2015 waliangalia ganoderma kwa wagonjwa wa sukari wa aina ya pili na hawakuona ushahidi kwamba inashusha sukari wala presha. Kwenye kansa walisema haitoshi kuwa tiba yenyewe, labda ya kusindikiza matibabu, na hata hapo tafiti zilikuwa dhaifu. Zipo pia taarifa za madaktari za watu walioumia ini baada ya kutumia unga wake, na kwa anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi lazima daktari wake ajue kwanza.

Sisemi uyoga hauna dawa, mzee wangu, ningekuwa naongopa. Penisilini ilitoka kwenye kuvu, Fleming aliigundua 1928. Lovastatini ya kushusha mafuta kwenye damu ilitoka kwenye kuvu. Japani kuanzia miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wanatumia dawa mbili zilizotengenezwa kutoka kwenye uyoga, Krestin na lentinani, kwa wagonjwa wa kansa, na zilikuwa zinatolewa pamoja na matibabu ya hospitali, chini ya daktari. Angalia tofauti yake na huyo kijana: wao walichuja kitu kimoja, wakapima kiasi, wakajua cha kumpa mtu. Kwenye kopo lako hakuna anayejua kuna nini na kiasi gani.

Hiyo hela nunua uyoga wa mboga. Mamama, wale wanaolimwa kwenye mifuko ya mabua au pamba, wanapatikana hata hapo Dodoma. Una protini, una nyuzinyuzi, una vitamini za kundi B, mafuta kidogo, wanga kidogo, kwa mtu wa sukari ni mboga nzuri mno badala ya nyama kila siku. Chumvi tu punguza. Na kijana wa jirani ongea naye kwa upole, inawezekana na yeye ameaminishwa.

Shangazi mimi ni kijana wa Chunya, naokota uyoga na dada zangu tunakausha tunauza. Wengine wanasema kuanika juani kunaua virutubisho, tuanike kivulini. Lipi ni sahihi?

Juani, mwanangu. Uyoga ukipigwa na jua unatengeneza vitamini D, kitu ambacho mboga nyingi hazina kabisa. Kata vipande, usafishe udongo kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kuuloweka, panga kwenye ungo au chekecheke juu ya kichanja, usiweke chini kwenye vumbi, mvua ikitishia ingiza ndani haraka maana ukilowana tena unaota ukungu. Umekauka vizuri pale unapovunjika kama chipsi, ukipinda bado.

Ila kwa kuwa ni Chunya nakuomba kitu. Uyoga unafyonza madini ya udongoni, yakiwemo zebaki na risasi, na huko kwenu kuna sehemu watu wanasafisha dhahabu kwa zebaki. Msiokote karibu na mialo hiyo wala kando ya barabara kuu, hata ukiwa mwingi na mzuri kiasi gani. Ingieni ndani msituni, na mkianika geuzeni kofia ili upande wa vikunjo ndo uangalie juu.