Siku mbili Lisbon: petiscos zinaliwaje, na mtaa upi

Mkuu, umeuliza kama petiscos (sahani ndogondogo za vitafunwa) za Lisbon, Ureno, zinatosha kuwa chakula cha usiku au ni za kusindikizia bia tu, na uende mtaa gani. Nimeishi mtaa wa Mouraria miaka mitatu nikisoma, nakujibu nilivyoviona.

Zinatosha. Sahani tatu kwa watu wawili, na mkate, mmeshiba. Ila usiagize zote kwa mpigo. Mimi siku ya kwanza niliagiza sita, zikaja pamoja, pataniscas (vitumbua vya kukaanga) za bacalhau (samaki wa chumvi, mfikirie ng'onda) zikapoa na kulegea kabla sijazifikia. Wenyeji wanaagiza mbili, wanapiga soga, ndiyo wanaongeza.

Halafu ukikaa tu unaletewa mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini. Nilidhani ni ukarimu nikafagia kibakuli, bili ikaja na mstari wa "couvert". Kisheria usichokiagiza wala kukigusa hulipii, kwa hiyo sema "não, obrigado" warudishe.

Anza na moelas: firigisi za kuku kwenye mchuzi mzito wa nyanya na kitunguu saumu. Kisha amêijoas à Bulhão Pato, chaza wadogo, jina limetokana na mshairi wao mmoja. Nyama yenyewe kiduchu. Mali iko chini ya sufuria: mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, kotimiri na maji ya chaza wenyewe. Mimi nilishamaliza chaza nikasogeza sufuria pembeni. Mama mhudumu akaitazama, akaisukuma tena mbele yangu, akaleta mkate mwingine bila kusema neno. Peixinhos da horta, yaani visamaki vya bustanini, hazina samaki hata mmoja. Ni maharage ya kijani yaliyochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa.

Kama hutumii kitimoto, chouriço (soseji ya nguruwe) ipite, hata ikiletwa inawaka moto kwenye chombo cha udongo na watu wanapiga picha. Kama hugusi pombe kabisa, uliza "leva vinho?" kabla ya kuagiza chaza au firigisi, maana mara nyingi wanatia mvinyo.

Mtaa: Bairro Alto ni kwa kusimama barabarani na glasi. Kwa kula nenda Mouraria, chini ya ngome ya São Jorge, walikowekwa Waislamu baada ya Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, kuuteka mji mwaka 1147. Leo Rua do Benformoso imejaa maduka ya Wabangladeshi, na kwenye kabati za vioo vya baa nyingi za mjini utakuta chamuças. Ni sambusa, zimefika huko kupitia Goa na Msumbiji. Piri-piri yao nayo usiulize ni nini. Meza ni mesa, kopo ni copo, kwa hiyo Kireno cha kuanzia unacho tayari. Bia omba "imperial", glasi ya sentilita 20, inaisha kabla haijapata joto.

Vaa viatu vyenye soli ya kashata nzuri, yale mawe ya njiani yakilowa yanateleza vibaya.

Ukienda kati ya Mei na Agosti utaona karatasi dirishani: "Há caracóis". Ni konokono, wanachokolewa kwa kijiti. Nilijaribu mara moja. Hao nakuachia mwenyewe.