Mundu wa Yoeli: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako umenikuta naanua mpunga. Unasema kwetu mavuno ni vigelegele; iweje Yoeli 3:13 aseme "Tieni mundu, kwa maana mavuno yameiva," kisha kumbe ni hukumu ya mataifa?

Usome mstari hadi mwisho. Baada ya mundu kuna shinikizo lililojaa na mapipa yanayofurika. Shinikizoni zabibu zilikanyagwa kwa miguu, na Mwanzo 49:11 huita maji yake "damu ya zabibu". Yoeli hakuwa na haja ya kufafanua kwamba ni damu. Isaya 63 humleta mtu kutoka Bosra ya Edomu, nguo nyekundu, aliyewakanyaga watu kama zabibu, peke yake. Sura hiyo, nikiri, huwa naipita mbio.

Na furaha unayoisema Waisraeli waliijua sana, ndiyo maana maneno haya yaliwachoma. Katika Amosi 8 nabii anaonyeshwa kikapu cha matunda ya wakati wa hari. Kwa Kiebrania ni kayits. Papo hapo anaambiwa kets, yaani mwisho, umewajia Israeli. Sauti karibu ile ile! Mtu anajiandaa kula, anasomewa hukumu.

Lakini wewe umeishia kwenye mundu, na mkulima haishii hapo. Kuna kupura. Walitumia ubao mzito wenye meno ya mawe au chuma upande wa chini, ukikokotwa na ng'ombe juu ya masuke. Amosi 1:3 anawashitaki watu wa Dameski kwa kuipura Gileadi, nchi ya Waisraeli, kwa vyombo hivyo vya chuma. Sasa soma mwisho wa Isaya 28. Mkulima wa hapo hapitishi gurudumu juu ya jira, yaani bizari nyembamba, huipiga kwa ufito. Hata ngano ya mkate haipuri siku zote, na Isaya anasema maarifa hayo amefundishwa na Mungu.

Kwangu mimi jibu liko hapo. Dameski walipura ili kuangamiza. Mkulima wa Isaya anapura kwa sababu anaitaka punje. Unakumbuka baba yako alivyokunyang'anya fimbo ulipokuwa unaupiga mpunga hadi mchele unakatika? Ulinuna mpaka usiku.

Sisemi kila andiko linalainika hivyo. Kwa mataifa yaliyoitwa yaende kuhukumiwa kwenye bonde la Yehoshafati, Yoeli hataji punje ya kuokota, nami sitamwongezea.

Mchele wako nimeupakia kwenye basi la asubuhi. Uupepete tena, una chuya.

Mama yako