Ukiipenda picha kwenye kitabu cha RPG, anza kuidai

Kila kinapotoka kitabu kipya cha kanuni za RPG, yaani michezo ya mezani ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake, hasa hizi za mapanga, majoka na uchawi, wachezaji wapya huniuliza wachague fani gani, yaani aina gani ya mhusika. Ukiwachunguza, wengi wameshachagua. Wamepekua kurasa, wamekutana na mtu mwenye upinde begani na mbwa mwitu ubavuni, basi, roho imetua hapo hapo. Wanachotaka kwangu ni baraka tu.

Na baraka huwa nawapa. Kuchagua mhusika kwa kuangalia picha ni njia halali kabisa, na wanaojinadi kwamba wao husoma kanuni kwanza bila kuangalia michoro siwaamini sana. Ila natoa sharti moja: ukishaipenda picha, idai. Tazama aliyechorwa anafanya nini, ukitaje kitendo chake kwa neno moja: anaruka, anakinga, anaponya, anaita radi. Kisha nenda kwenye kurasa za fani yake, utafute kanuni inayomruhusu kufanya hivyo. Inapatikana ngazi ya ngapi? Inagharimu nini? Anaweza kuirudia mara ngapi kabla hajalazimika kupumzika? Ukiikosa kanuni hiyo, ujue ulichopenda ni pambo.

Mfano ninaoupenda ni mtawa mpiganaji wa kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons kilichotoka mwaka 2024. Tuseme kinachokuvutia kwa watawa ni kule kukimbia ubavuni mwa ukuta na kukanyaga maji bila kuzama. Kanuni ipo, tena imeandikwa kwa uwazi: katika zamu yako unapita ukutani au juu ya maji, mradi hujavaa deraya wala kushika ngao. Lakini inakuja ngazi ya 9. Kwa jedwali la kitabu chenyewe, ngazi ya 9 inataka pointi 48,000 za uzoefu, wakati ngazi ya 3 inataka 900 tu. Kikundi cha watu wenye kazi na familia kinaweza kusambaratika mapema mno kabla ya hapo. Utakuwa umembeba mhusika muda wote huo kwa ajili ya jambo ambalo hukuwahi kulifanya.

Sasa rudi ngazi ya 3 ya fani hiyo hiyo. Hapo pana uwezo wa kukinga mapigo. Adui akikupata kwa upanga, rungu au mshale, unatumia jibu lako la papo hapo kupunguza maumivu kwa dadu ya pande 10, ukijumlisha nyongeza yako ya wepesi na ngazi yako ya utawa. Mtawa wa ngazi ya 3 mwenye nyongeza ya 3 anapunguza kati ya 7 na 16. Pigo la dadu ya pande 6 na nyongeza ya 2, ambalo utakutana nalo sana kwa maadui wadogo, kwa kawaida haliwezi kuzidi 8. Kwa hiyo karibu kila mara pigo moja katika duru linaishia viganjani mwake, na akitoa pointi moja ya nguvu zake za ndani anaweza kulirudisha kwa adui. Katika toleo la mwaka 2014 uwezo wa namna hii ulihusu mishale na vitu vya kurushwa pekee. Sasa unakinga hata panga la mtu aliyesimama mbele yako. Mtu akiniambia anataka mtawa, namwambia asahau ukuta kwa sasa, aangalie mikono.

Kuna uwezo mwingine usiochoreka, na huo ndio unaowaponyoka watu. Msanii akipewa kazi ya kumchora mpiganaji wa kawaida atachora upanga, jasho na pengine adui aliyeanguka. Angechora nini kingine? Lakini katika kitabu hicho hicho cha 2024, mpiganaji wa ngazi ya 2 anapata kitu ambacho mimi nakihesabu miongoni mwa vitu bora vya kitabu kizima. Akishindwa jaribio la uwezo, liwe la kuvunja mlango, kunusa hila au kumshawishi mtu, anaweza kutoa moja ya zile nafasi zake za kuvuta pumzi, ambazo kwa kawaida humrudishia uhai vitani, akajumlisha dadu ya pande 10 kwenye matokeo. Na akishindwa hata baada ya hapo, nafasi yake haihesabiwi kuwa imetumika. Isome kanuni hiyo tena, taratibu.

Mezani kwetu yupo mzee mmoja ambaye siku zote huchagua mpiganaji, na kwa toleo la zamani akawa na tabia ya kuegemea kiti kila mazungumzo yalipoanza. Kusihi na kulaghai aliwaachia vijana wenye wahusika wa maneno. Tulipohamia kanuni mpya, mlinzi wa lango alikataa kutufungulia, na kwa utani tu akajaribu yeye kumbembeleza. Akapata 11, palipotakiwa 15. Mimi, niliyekuwa msimulizi anayeongoza mchezo, nikawa nimeshafungua mdomo kueleza jinsi mlinzi alivyokunja uso. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema, akaokota dadu ya pande 10, ikaangukia 6. Lango likafunguka. Tangu siku hiyo haegemei kiti tena. Hakuna picha ambayo ingemwambia kwamba fani yake inaweza hilo.

Kwa hiyo ukishaidai picha yako, fanya na hesabu ya kinyume: pitia jedwali la fani kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 5, uulize ni kipi hapo ambacho hakuna mchoraji angeweza kukichora. Uzuri wa fani nyingi umejificha humo. Ngazi za juu kabisa zisome kwa starehe yako, lakini usizipigie mahesabu.

Ingawa nikisema hivyo, ngazi ya 20 ina faida moja: inakuonyesha mwandishi wa kanuni aliiwazia nini fani hiyo. Hapa nitalalamika kidogo kuhusu mwindaji wa nyika, anayeitwa Ranger kitabuni. Fani yake imefungwa kwenye uchawi mmoja, ile alama anayomwekea windo lake, ambayo huongeza dadu ya pande 6 kwa kila pigo linalompata. Ngazi ya 1 anapewa nafasi za kuutumia bure. Ngazi ya 13, maumivu hayawezi tena kumvurugia umakini wa kuushikilia. Ngazi ya 17, anapata nafuu ya kumlenga aliyemwekea alama. Halafu ngazi ya 20, kilele cha safari yote, dadu ya pande 6 inageuka ya pande 10. Wastani wa dadu ya pande 6 ni 3.5, wa pande 10 ni 5.5. Tofauti ni 2! Mtu amefikisha pointi 355,000 za uzoefu, anazawadiwa wastani wa maumivu 2 zaidi kwa pigo. Na kwa kuwa alama hiyo inahitaji umakini, akiishikilia hawezi kushikilia uchawi mwingine wa aina hiyo, ule wa kuvutia ambao ungempa sura ya mtu wa msituni anayeamrisha miiba na ukungu.

Simkatazi mtu kumchagua. Katika ngazi za mwanzo mwindaji anapendeza na anapiga vizuri. Ila ukiona fani inarudi kwenye uwezo mmoja mara nne, jiulize kama uwezo huo wenyewe unaupenda, maana ndio utakaoishi nao.

Jambo jingine ambalo picha haiwezi kukuambia ni muda. Kanuni mpya za umahiri wa silaha zinawapa wapiganaji vitu vya kufanya zaidi ya kupiga tu, nami nazifurahia. Lakini ule wa kuangusha unamtaka adui arushe dadu ya kujinusuru kila anapopatwa. Mpiganaji wa ngazi ya 5 ana mapigo mawili kwa zamu, na akitumia nguvu yake ya ziada yanafika manne. Hiyo ni mirusho minne ya kupiga, mirusho ya maumivu, na mingine minne ya adui, huku wenzake watatu wanasubiri. Ukimchagua huyo, jifunze kurusha dadu zako pamoja na kutaja namba unayoitaka kabla msimulizi hajauliza.

Tuje kwenye michoro yenyewe. Kitabu cha 2024 kina fani 12 zenye matawi manne kila moja, yaani mikondo ambayo mchezaji huchagua ndani ya fani yake, jumla 48, na kila tawi limepewa mchoro wake. Kwa mchezaji mpya huo ni msaada mkubwa, kwa sababu tofauti ya tawi na tawi ni ngumu kuishika kwa maandishi pekee. Hata hivyo, mhusika mmoja aliyesimama akijionyesha uso kwa uso na msomaji hunichosha haraka. Naupenda zaidi mchoro unaoonyesha kazi. Jalada la kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, lililochorwa na David A. Trampier, linaonyesha mambo baada ya vita: wezi wawili wamepanda sanamu kubwa wanang'oa kito jichoni, wengine wanaburuta maiti, wengine wameinamia ramani. Hujasoma kanuni hata moja na umeshaelewa kila mtu ana kazi gani kwenye kikosi na mchezo unalipa kwa kitu gani. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, nao wana utaratibu ninaoupenda: kila fani ina mhusika wake maalumu, wengi wao wakiwa kazi ya mkono wa Wayne Reynolds, na wahusika hao hao huonekana tena na tena wakipambana pamoja. Ukikutana na Valeros, mpiganaji wao, kwenye mchoro wa tano, unajua tayari anasimama wapi vita vikianza.

Angalia pia ukurasa wa mwanzo wenye majina ya wasanii. Mwaka 2023 ilibainika kwamba kitabu kimoja cha Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, kilikuwa na michoro iliyopitia kwenye akili mnemba, na kampuni ikabadilisha masharti yake kwa wasanii. Paizo, wenye Pathfinder, mwaka huo huo walitangaza kuikataa kwenye vitabu vyao. Haki za wasanii zinanihusu, lakini kwa mchezaji kuna sababu ya karibu zaidi. Mchoraji aliyepewa maelezo ya fani huchora mkoba wa dawa kwa sababu mhusika anautumia. Mchoro usio na mtu nyuma yake una mikoba, kamba na majambia yasiyo na kazi, na ukija kuyadai kwenye kanuni hupati kitu.

Kama unataka kuziona kanuni zikiwa uchi kabla ya kutoa pesa, inawezekana. Kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, katika hati iitwayo SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwaka 2023, na SRD 5.2 inayoendana na vitabu vipya ikafuata mwaka 2025. Mle hamna michoro, na kila fani ina tawi moja tu, lakini majedwali yote ya ngazi yapo. Za Pathfinder zinasomeka bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Mimi hufungua jedwali upande mmoja na picha alizozitoa mchapishaji upande wa pili, nikazilinganisha.

Na wewe unayesimulia, waambie wachezaji wako wakuonyeshe picha iliyowavuta kabla hamjaanza. Kama kitendo chake kiko ngazi ya 9 na mnaanzia ya 1, hulazimiki kumwambia mtu asubiri. Mruhusu mtawa wako ajaribu ukuta mara moja kabla ya kila mapumziko marefu, kwa kurusha dadu ya sarakasi, hatua chache tu, na akishindwa aanguke kama mtu mwingine yeyote. Ngazi ya 9 ikifika, mwondolee dadu hiyo.