Maswali yenu: kasuku, makaratasi na safari

Mwezi huu kasuku wametawala sanduku la maswali. Nimechagua matatu, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu naona watu wengi wako kwenye hali hiyohiyo na wanaogopa kuuliza.

SWALI: Habari yako dada. Mjomba amehamia kwa watoto wake akaniachia kasuku wake, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tumeshazoeana sana mpaka ananiita jina. Tatizo hana karatasi hata moja, mjomba anasema alimnunua zamani kwa mtu tu. Sasa jirani ananitisha eti naweza kufungwa. Nimfungulie tu aende zake yaishe? – Mrithi wa Kasuku

JIBU: Nzuri ndugu yangu. La kwanza kabisa, usimfungulie, nakuomba sana. Kasuku aliyezoea kuwekewa chakula kwenye kibakuli hajui kujitafutia wala hajui kumkwepa mwewe, huko nje hana muda mrefu. Halafu hata akipona, nchi nyingi kuachia ndege wa kigeni ni kosa lingine kabisa juu ya lile unalolikimbia, na si bure, kule Hispania kasuku fulani wa kijani kutoka Amerika Kusini walitoroka na kuachiwa na wafugaji wakazaana mjini mpaka serikali ikapiga marufuku kuwauza na kuwafuga.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe, na hapa ndo watu wanachanganya, maana kuna sheria mbili tofauti. Ya kwanza ni ya nchi unayoishi, hiyo ndo inasema kama unaruhusiwa kuwa naye nyumbani. Kuna nchi zinataka kibali, zingine usajili tu, zingine hawataki kabisa, mfano India sheria yao ya wanyamapori ya 1972 inakataza kufuga kasuku wa asili ya nchi hiyo, hata kama umemkuta anauzwa mchana kweupe sokoni bado ni kosa. Ya pili ni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliosainiwa Washington 1973 ukaanza kufanya kazi 1975, huu haukuulizi unafuga nini, wenyewe unaangalia mpaka, yaani nani anatoka nchi gani kwenda ipi na kwa kibali gani. Karibu kasuku wote duniani wamo humo, wengi kwenye orodha iitwayo Kiambatisho II, na walio hatarini zaidi wako Kiambatisho I.

Huyo wako wa kijivu alikuwa cha II, nchi wanachama zilipokutana Johannesburg 2016 zikampandisha cha I, ikaanza kutumika Januari 2017. Na mimi nasema walichelewa. Hawa ndege wamenaswa kwa ulimbo na nyavu msituni miaka na miaka kwa sababu tu wanajua kuiga sauti zetu, wanabanwa kwenye vitundu na wengi wanakufa njiani kabla hata hawajamfikia mnunuzi, Ghana peke yake wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo afisa akikuuliza karatasi hakuonei, anataka kujua kama ndege wako alizaliwa kwa mfugaji au aliibwa msituni.

Fanya hivi. Mwangalie mguuni kama ana pete. Ikiwa pete ni duara kamili isiyo na maungio hiyo ni dalili nzuri sana, kwa sababu huvishwa kinda akiwa na siku chache tu, mguu ukishakua haipiti tena, na namba iliyochongwa hapo inaweza kumfikisha mtu kwa mfugaji aliyemzalisha. Pete yenye maungio inaweza kuvishwa ndege wa umri wowote kwa hiyo yenyewe peke yake haithibitishi alizaliwa wapi. Kama hakuna pete mpeleke kwa daktari wa wanyama ampitishie mashine, huenda ana chipu chini ya ngozi. Halafu mwambie mjomba akuandikie barua na kusaini, amempata mwaka gani, kwa nani, amekupa lini, na kama kuna picha za zamani za kasuku na watoto walipokuwa wadogo ziweke pamoja, hizo picha usizidharau.

Ukishakusanya hayo nenda MWENYEWE kwenye mamlaka ya wanyamapori kabla hawajaja kwako, uombe maelekezo na majibu yao uyapate kwa maandishi. Sikufichi, kuna nchi watakupa muda wa kumsajili na kuna nchi watamchukua wampeleke kituo cha uokoaji, najua inauma, ila anayejitokeza mwenyewe na anayekamatwa hawatazamwi kwa jicho moja. Na usije ukajaribu kumuuza ili ukwepe mzigo, kuuza ndege wa Kiambatisho I asiye na karatasi ndo kesi kubwa kuliko zote.

SWALI: Mimi nina baji wanne na kokateli mmoja, nao wanahitaji hivyo vibali vya CITES? – Mpenda Kelele

JIBU: Hapana. Baji, kokateli, cherero (kale ka kasuku kadogo) mwenye uso wa waridi na yule kasuku wa kijani mwenye alama ya pete shingoni, aina hizo nne hazimo kwenye orodha ya wale wa Kiambatisho II. Ila angalia cherero vizuri, jamaa zake wengine wote wamo na ukikosea jina utakwama mpakani. Na kutokuwemo CITES hakukuondolei cheti cha afya, wala sheria za nchi yako.

SWALI: Shikamoo dada. Nimepata kazi nchi nyingine na kasuku wangu nimekaa naye miaka 11, karatasi zote za kumnunua kwa mfugaji ninazo. Rafiki ananishauri nimpe dawa ya usingizi nimweke kwenye begi la mkononi tu, eti hawakagui. Je niombe nini na nianze lini? – Msafiri

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo rafiki msamehe lakini usimsikilize. Dawa ya usingizi inashusha pumzi na joto la mwili la ndege, na huko juu angani hakuna atakayemsaidia akizidiwa. Na wakimkuta begini unampoteza yeye, unalipa faini, na nchi nyingine kifungo kipo.

Anza miezi mingi kabla, tiketi baadaye. Waandikie kwanza unakokwenda uulize kama wanapokea ndege wa kufugwa, kwa sababu Australia kwa mfano haipokei ndege wa kufugwa ila wanaotoka New Zealand, na Umoja wa Ulaya wana kikomo cha ndege 5 kwa mwenye nao pamoja na masharti ya homa ya mafua ya ndege. Uoga wao una historia, 1929 na 1930 homa ya kasuku ilisambaa nchi nyingi ikaua watu, Marekani ikafunga mlango kwa kasuku kutoka nje.

Wakikubali ndo uombe vibali. Kasuku wa Kiambatisho II anahitaji kibali cha kutoka, na baadhi ya nchi zinataka na cha kuingia juu yake. Wa Kiambatisho I kwa kawaida nchi unayokwenda inatoa kibali chake kwanza ndipo unayotoka itoe chake, watu wanageuza huu mpangilio wanapoteza miezi. Hizo karatasi zako za mfugaji zitunze kama roho yako, kwa ndege aliyezaliwa kwenye ufugaji zinaweza kufupisha njia. Kibali cha kutoka kinaisha baada ya miezi 6, forodha wakigonge muhuri, na kopi hawaikubali. Kama utakuwa unaenda na kurudi naye uliza cheti cha umiliki, kile kinaweza kutumika mpaka miaka 3 kuvuka mara nyingi, lakini nchi zote mbili ziwe zinakikubali.

Uliza pia unaingilia uwanja gani, kuna nchi wanyama wanapita milango michache tu, na kama mnabadilisha eropleni njiani nchi hiyo nayo ina masharti yake.

Boksi liwe la kufuata kanuni za wanyama hai za IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, hewa ipite, kuwe na kijiti cha kusimamia, maji na chakula viongezwe kwa nje bila kufungua. Linunue sasa hivi uliweke sebuleni mlango wazi, mpe karanga zake humo kila jioni, mpaka siku ya safari aingie mwenyewe bila kusukumwa.