Kumchora Bundi kwa Watu Wanaomwogopa

Mchoro wangu wa kwanza wa bundi wa Sokoke, ndege aliye hatarini wa msitu wa Arabuko-Sokoke huku Pwani ya Kenya, ulinipendeza mno: mwezi mpevu nyuma yake, macho makubwa ya manjano, mabawa yamekunjuliwa. Niliuweka kwenye stetasi ya WhatsApp saa tatu usiku, na kabla sijalala shangazi yangu wa Malindi alikuwa amekwisha kuniandikia: “Mwanangu, waniletea uchuro usiku huu, nimekukosea nini?” Huku Pwani bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuwahesabu wagonjwa wa mtaani, nami nilikuwa nimeichora hofu ileile kwa rangi za kuvutia zaidi. Kwa hiyo, anayetaka kuwatetea ndege walio hatarini kwa sanaa ya kidijitali na aulize kwanza watazamaji wake wanamdhania nini ndege huyo.

Mchoro wa pili niliuweka mchana. Bundi huyu, ambaye wanasayansi walimtambulisha mwaka 1966, ana urefu wa sentimita 16 hivi na uzito wa gramu 50 hivi. Basi nilimchora amesinzia kichakani, ubavuni mwa mwenzake, mmoja wa kijivu na mwingine wa rangi ya kutu, kwa kuwa wapo wa rangi zote mbili, na kando yao nikachora kalamu ya biki inayokaribia kulingana nao kwa urefu. Shangazi akajibu, “Kumbe ni kadogo hivi?” Swali hilo lilinifaa kuliko sifa zote za wachoraji wenzangu.

Hata hivyo nilikuwa nimekosea tena. Mwongoza watalii mmoja aliutazama mchoro huo na kusema kwa upole kwamba nimempangishia bundi nyumba isiyo yake, kwani nilimweka penye miti ya mirihi, ilhali katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, yeye hukaa kwenye miti ya Cynometra iliyosongamana juu ya udongo mwekundu. Kwa bahati majani nilikuwa nimeyachora kwenye tabaka (layer) la peke yake katika programu ya kuchorea, nikayafuta bila kumgusa ndege. Tenganisha matabaka tangu mwanzo, na umwonyeshe mchoro mtu anayeujua msitu kabla ya kuusambaza. Programu ya akili mnemba niliyoijaribu ilinipa bundi mwenye masikio kama ya paka, sikuirudia.

Maneno yaandike ndani ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, kwa sababu maelezo ya pembeni hupotea picha ikisambazwa, na faili liwe jepesi lisimalize bando la mtu. Usitaje kamwe mahali hasa ndege alipolala.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni ombi la kuwapa watazamaji. “Tuwalinde ndege” halimwambii mtu afanye nini. Mti wa muhugu umekatwa sana msituni humo kwa ajili ya vinyago, na miti mikubwa ikiondoka, matundu ya kutagia nayo hupungua. Lakini wapo wachongaji wanaotumia mwarobaini badala yake. Sasa chini ya picha yangu kuna vinyago viwili vya twiga, na sentensi moja kwa mnunuzi: “Uliza kwanza, ni muhugu au mwarobaini?”