Suali na Jawabu: Faili la Kikorea limegoma kufunguka

SUALI: Asalaam alaykum kaka. Mimi niko Wete, naomba nafasi ya kusoma Korea Kusini, chuo wamenitumia fomu kwa imeili lakini mwisho wa jina imeandikwa .hwp, Word ikilifungua naona mavitu hayasomeki kabisa. Kompyuta ni ya kazini, watu wa IT wameifunga haikubali kuinstoli kitu. Nimebadilisha jina nikaweka .docx, wapi! Siku zinayoyoma kaka nisaidie.
– Binti wa Wete

JAWABU: Waalaykum salaam. Tulia, faili lako zima, halijaharibika. Limeandikwa kwa programu inaitwa Hangul, ya kampuni ya Hancom, toleo la kwanza lilitoka 1989 na mpaka leo maofisi ya serikali na vyuo vingi vya Korea Kusini wanaandikia hiyo kama sie tunavyoandikia Word. Na wanaipenda khasa, maana mwaka 1998 Hancom walikuwa hoi kifedha wakakubali kuachana na Hangul ili Microsoft iwatilie mtaji, we! watu wakaja juu, ikaanzishwa kampeni ya kuiokoa, yale makubaliano yakafa, na kampuni ikatoa toleo la bei chee la won 10,000 wakaliita 815 kwa ajili ya tarehe 15 mwezi wa 8 siku yao ya ukombozi. Sasa watu hao usingoje wakuletee docx bila ya kuwaomba.

Kubadilisha jina hakusaidii, ndani bado ni Hangul ile ile. Fanya hivi: ingia kwenye Gmail yako, nenda Google Drive (ghala lao la mafaili mtandaoni), liburute faili ulitupie mle, likishapanda bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake uchague kulifungua kwa Google Docs. Basi. Kazi yote inafanyika huko kwa Google, hiyo kompyuta yenu iliyofungwa haiongezewi kitu, na faili la asili linabaki pale pale, unachofungua ni kopi tu. Likikataa, huenda limewekewa paswadi, hapo huna ujanja ila kumuuliza aliyelituma.

Lakini kusoma ni kusoma na kujaza ni kujaza. Fomu za Kikorea ni majedwali matupu, kisanduku ndani ya kisanduku, ukilifungua huko mistari inahama, pahala pa kubandika picha panaweza kushuka peji ya pili, na Google Docs haikurudishii .hwp, itakupa docx au PDF. Kwa hiyo soma ujue wanataka nini, na leo leo waandikie chuo imeili fupi waombe hiyo fomu kwa PDF au Word, kwao ni kubofya mara mbili tatu kwa sababu Hangul yenyewe inaseva PDF. Tena waulize kama watapokea ukiirudisha kwa PDF, usije ukajaza yote halafu wakakwambia wanataka .hwp.

Na zile saiti za kukonvati bure, mie sizitaki kwa karatasi kama hii. Fomu tupu ni sawa, haina siri, ila iliyokwisha kutiwa namba ya paspoti na jina la mama usimtupie mtu usiyemjua.

SUALI: Kaka, kikundi chetu cha mwani huku Bwejuu tumeletewa maelezo na mgeni wa Kikorea, letu limeandikwa .hwpx, ndio lile lile? Na intaneti yetu ya kubahatisha.
– Katibu wa kikundi

JAWABU: Ni ndugu wa lile, ila hili jipya zaidi na kwenu ni rahisi, kwa sababu .hwpx ni zipu iliyovalishwa jina jengine. Hapa sasa kubadilisha jina KUNAFANYA kazi! Kopi faili kwanza, kisha ile kopi futa .hwpx mwishoni uandike .zip, ufungue kama folda ya kawaida, bila ya intaneti wala programu. Angalia tu Windows iwe inaonyesha mwisho wa majina ya mafaili (iko kwenye menyu ya View), la sivyo unaweza kupata maelezo.zip.hwpx ukabaki unashangaa. Ndani kuna folda ya Preview, mle mnakuta PrvText.txt ambayo ni mwanzo wa maandishi bila mapambo, na mara nyingi PrvImage.png, picha ya ukurasa wa kwanza. Maandishi yenyewe yamo kwenye folda ya Contents, faili la section0.xml (na section1.xml kama ipo), litoeni kwenye zipu mliburute kwenye Chrome, litakuja limejaa alama alama lakini Kikorea kitaonekana katikati yake, mkipata mtandao mnakikopi mnakitia kwenye Google Translate. Picha zimo kwenye folda ya BinData. Si kazi nzuri ya macho, ila mtajua kama anazungumzia bei au anauliza mzigo tu.

SUALI: Nina simu tu, na huyo aliyenitumia .hwp simjui. Nifungue?
– Msomaji, Mkoani

JAWABU: Usifungue. Korea wahalifu wa mtandaoni wameshatumia sana mafaili ya .hwp kupitishia virusi, khasa kwa wenye programu yenyewe kwenye kompyuta. Muulize kwanza ni nani na anataka nini. Akijulikana, fungua Drive kwenye Chrome ya simu, weka ile hali ya kompyuta (Desktop site) kwenye menyu ya vidoti vitatu, halafu fuata niliyomwambia binti wa Wete, maandishi yatakuwa madogo kweli kweli lakini utayasoma.